Wakuu, hoteli gani Dar mtu asiyekula ngano atakula akashiba? Jumamosi imekaribia

#1 Tawi la Mlimao (Jumanne, saa 4:10 usiku)
Habari za usiku wanajamvi. Naomba msaada wenu, ni wa haraka kidogo.

Nina ndugu yangu hali ngano. Si kwamba haipendi, mwili wake hauitaki, hata chembe. Jumamosi hii tuna chakula cha mchana cha watu kama tisa, wengine wanatoka mkoani, na lazima kiwe hotelini, si nyumbani. Natafuta sehemu kuanzia Kariakoo, Upanga, Kinondoni mpaka Mwenge ambapo mtu wa hivyo atakaa, atakula kama wenzake, bila kuanza kumhoji mhudumu mbele ya watu. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Bei isiwe ya kitalii. Matusi sitaki, ushauri nauomba.

#2 Kobe wa Temeke
Ugali. Uzi ufungwe.

#3 Bwana Makange
Usimsikilize Kobe, huyo hata harusini anaagiza ugali. Nendeni Sinza mkale makange ya kuku. Kuna jamaa pale anatumia jiko la mkaa, kuku wa kienyeji, anakatia hoho, karoti, kitunguu, anakamulia ndimu, anamwagia soya sosi, unaletewa bado linachemka. Ngano hamna kabisa. Mimi pale nilimpeleka mtu siku ya kwanza kuonana, leo tuna watoto watatu. Kila mwaka tarehe ileile tunarudi meza ileile, isipokuwa mwaka jana tulipokuwa tumenuniana, nikaenda peke yangu.

#4 Dada Pwani
Mpikieni tambi za nazi jamani, ni laini, hazina shida na tumbo.

#5 Kobe wa Temeke
Tambi ni nini kama si ngano?

#6 Dada Pwani
Tambi ni tambi.

#7 Muuguzi wa Zamu
Mleta uzi, kabla ya hoteli nina swali. Huyo ndugu yako amepimwa, au amejiambia mwenyewe? Naomba usilikasirikie swali. Mtu anayevimba tumbo akila mikate mitatu ataenda hoteli yoyote, ataepuka chapati, atarudi salama. Lakini kama ana siliaki, yaani kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo mwembamba kila inapokutana na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, basi kijiko kilichopita kwenye mchuzi wenye unga kinamtosha. Hawa watu wawili huwezi kuwapeleka sehemu moja.

Na kama hajapimwa, asiache ngano kwanza. Akiiacha miezi miwili kisha akaenda kupima damu, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo palepale.

#8 Tawi la Mlimao
Amepimwa. Ni hiyo ya pili. Ila anaendelea vizuri, si mgonjwa wa kulala. Tuendelee na hoteli tafadhali.

#9 Muuguzi wa Zamu
Haya. Basi nitaandika kirefu, usome taratibu.

Chakula chetu chenyewe hakina kosa. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, viazi, mtama, ulezi, maharage, samaki, nyama, dagaa, mchicha, kisamvu: vyote hivyo vimeumbwa bila gluteni. Matatizo yanaanzia kwenye mikono ya mpishi. Chipsi ni viazi, lakini mafuta yaliyokaanga sambusa saa nne ndiyo yanayokaanga chipsi saa saba. Bagia za dengu ni safi mpaka mpishi aongeze kiganja cha unga wa ngano ili zishikane. Kababu mara nyingi zina mkate ndani, katlesi zina chenga za mkate nje. Rosti ikiwa nzito kupita kiasi, uliza imekolezwa na nini. Samaki wa kukaanga, wapo wanaompaka unga asigande. Vitumbua asili yake ni mchele ulioloweshwa na kusagwa, siku hizi vya mtaani vingine vina ngano. Soya sosi nyingi za dukani hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano, kwa hiyo pole Bwana Makange. Hata mvuje, kile kiungo cha Kihindi chenye harufu kali, wa unga ule wa kwenye vikopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano.

Na kitu ninachogombana nacho kila wiki kazini ni uji wa lishe. Watu wanapewa kama dawa. Humo mna mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, na mara nyingi kabisa ngano. Tena mashine ya kusagia ni moja. Shayiri na nafaka iitwayo rai nazo zimo kwenye kundi hilohilo la kukatazwa.

Kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni isizidi miligramu 20 katika kilo moja. Miligramu 20 ya chumvi hata kuibana kwa vidole viwili huwezi. Ndiyo maana nasema swali si hoteli gani. Swali ni jiko gani, na nani amesimama mbele yake siku hiyo.

#10 Mwana wa Rombo
Shayiri imekatazwa? Kwa hiyo bia…

#11 Muuguzi wa Zamu
Bia ya kawaida ni shayiri, ndiyo.

#12 Mwana wa Rombo
Mungu atusaidie. Ila mbege inapita! Ndizi na ulezi. Mleta uzi, mtafutie mtori na machalari, Wachaga tulishayamaliza haya mambo zamani. Dar wapo mama zetu wanaopika mtori wa asubuhi, nyama na ndizi vimepondwa, hakuna kukoleza na chochote. Mtu akimaliza bakuli mbili anasahau kama kuna kitu kinaitwa mkate.

#13 Mpemba wa Wete
Assalaam alaykum. Kwa kuwa mmetaja kukoleza, nisemee upande wetu, maana wageni wengi wanadanganyika. Urojo unaokorogwa pale Forodhani, ule uzito wake wa manjano ni unga wa ngano. Watu wanaona viazi na embe na ndimu wanadhani salama. Boko boko ndiyo ngano yenyewe na nyama. Mkate wa ufuta ngano. Ile wanayoiita piza ya Zanzibar ngano. Akija huyo ndugu yako Unguja, mpe mkate wa kumimina wa mchele na nazi, mpe pweza, mpe wali na samaki wa kupaka. Hoteli ya Lukmaan pale Mkunazini, karibu na mbuyu, unasimama mbele ya masufuria unaona kila kitu kabla ya kupakuliwa, unaonyesha kwa kidole. Kwa mtu wa namna hiyo, kuona sufuria ni bora kuliko kusoma menyu.

#14 Mama Wawili
Mimi nimekwama kwenye #1. "Bila kumhoji mhudumu mbele ya watu." Kwa nini? Mwanangu mkubwa ana mzio wa karanga, naingia hotelini nauliza kwa sauti mpaka mpishi anatoka nje. Huyo ndugu yako anaona aibu gani? Na kwa nini unauliza wewe, yeye hana simu?

#15 Tawi la Mlimao
Ni mambo ya kifamilia tu mama.

#16 Mama Wawili
Mambo ya kifamilia ndiyo hayo tunayoyashauri humu kila siku. Sema.

#17 Tawi la Mlimao (Jumatano, saa 12:40 asubuhi)
Sijalala. Sawa. Ni mimi.

Niliumwa karibu miaka mitatu. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi mara nne, nikatibiwa vidonda vya tumbo. Damu ilikuwa inapungua bila sababu, wananiongezea vidonge vya damu, inapanda, inashuka. Nilikonda mpaka ofisini wakaanza kunong'ona, na nilipima kile kipimo ambacho nyote mnakifikiria mara tano, kila mara kiko safi. Mwezi wa tano daktari mmoja akaamua niingizwe kamera, wakachukua vinyama kwenye utumbo, wakapima na damu. Majibu ndiyo hayo. Nikaambiwa dawa ni moja, kuacha ngano maisha yangu yote.

Haya, mmeshajua. Naomba hoteli.

#18 Kobe wa Temeke
Pole sana dada. Nafuta utani wangu wa #2. Ingawa jibu bado ni lilelile.

#19 Mzee wa Basotu
Wanangu hamjambo. Mimi ngano naijua ikiwa bado shambani. Nilikuwa dereva wa trekta kule Basotu, Hanang, enzi za NAFCO, lile shirika la serikali la kilimo, na wale Wakanada waliofadhili mashamba. Ngano ilikuwa inaanzia miguuni inaishia mbinguni. Wabarabaig walikuwa wanapita pembeni na ng'ombe wao, wanatazama malisho ya babu zao yamegeuka rangi ya simba, hawasemi kitu. Mimi nilikuwa kijana, niliona maendeleo. Siku hizi nikiwakumbuka nyuso zao nashindwa kumaliza chai.

Na kichekesho, sisi tuliolima hiyo ngano tukija Dar miaka ile ya mwanzo ya 1980 tulikuwa tunapanga foleni ya mkate. Ukiupata unauficha ndani ya koti kama umeiba. Nyumbani tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Kwa hiyo binti, ninaposikia ngano inamuumiza mtu nashangaa kidogo. Sisi ilituumiza kwa kukosekana.

#20 Muuguzi wa Zamu
Mzee wangu shikamoo. Hiyo foleni yako imenikumbusha kitu. Huu ugonjwa ulivyojulikana chanzo chake ni kwa mkate kukosekana. Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, chakula kiliisha kabisa. Daktari wa watoto anaitwa Willem Dicke alikuwa na watoto wanaoharisha na kudhoofu miaka nenda rudi. Mkate ulipopotea, nchi nzima inakufa njaa, wale watoto wake wakaanza kupata nafuu. Mkate uliporudi wakaumwa tena. Alikuwa ameishuku ngano tangu kabla ya vita, njaa ikamthibitishia.

#21 Mama Wawili
Tusipotee. Tawi, mwanangu, hao wageni wa Jumamosi ni akina nani?

#22 Tawi la Mlimao
Ni wakwe. Yaani watakuwa wakwe. Mama yake mchumba wangu anatoka Korogwe, Tanga, na shangazi wawili, wanakuja kuniona rasmi.

#23 Mama Wawili
Na mchumba anajua unaumwa?

#24 Tawi la Mlimao (saa 5:55 asubuhi)
Hajui.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Mama yake anauza chapati na maandazi. Si kwa kubahatisha, ana kibanda chake pale stendi tangu mchumba wangu yuko darasa la pili, chapati ndizo zilizomsomesha mpaka chuo. Kila tukiongea kwa simu anasema, "Mwanangu umekonda, ngoja nije nikulishe." Jumapili kapiga kuniambia anakuja na hotpoti ya chapati za kusukuma, za nazi, kwa ajili yangu, kwa sababu hoteli za Dar hazijui kupika chapati. Sasa mimi nimuangalie yule mama usoni, siku ya kwanza, nimwambie chakula chako sili? Mnajua mkwe anayekataa chakula cha mama mkwe anaeleweka vipi. Ataona namuogopa. Shangazi ndiyo kabisa.

Na jambo jingine, daktari alisema ugonjwa huu usipotunzwa unaweza kugusa uzazi. Neno hilo likifika Korogwe, hakuna harusi.

Hoteli nimeshalipia advansi 150,000, iko Sinza, ni bufee. Hairudishwi. Nimewaza nile nusu chapati siku hiyo moja, niugulie nyumbani Jumapili, Jumatatu niombe ruhusa kazini. Siku moja tu. Nilichotaka kwenu ni sehemu ya kufidia, nikijua kingine chote mezani ni salama.

#25 Shaba Nyekundu
Korogwe tena, hahaha. Dada hapo hata bila siliaki mimi ningeacha kula.

#26 Dada Pwani
Ninyi watu wa utani wa Tanga mnachosha. Mimi kwetu Pangani, tumelisha nchi nzima samaki na hakuna aliyekufa. Yule mama anabeba chapati kwenye basi kutwa nzima kwa upendo, wewe unamwaza uchawi. Mleta uzi na wewe pia.

#27 Muuguzi wa Zamu
Nimesoma "siku moja tu" nikaweka simu chini kwanza.

Dada, utumbo wako una vinyweleo vidogo vidogo vinavyonyonya chakula, ndivyo vilivyokuwa vimelala chini kamera ilipoingia. Ndiyo maana damu ilikuwa haipandi, vidonge vya madini ya chuma vinapita tu. Vinahitaji miezi mingi kusimama tena, kwa mtu mzima hata zaidi ya mwaka. Wagonjwa waliofuatiliwa waliopewa miligramu 50 za gluteni kwa siku, kwa miezi mitatu, utumbo ulionyesha madhara. Chapati nusu ina gluteni mara nyingi zaidi ya hapo. Sitakwambia utakufa Jumapili. Nasema unarudisha nyuma kazi ya miezi, halafu Jumamosi ikiisha kuna kitchen party, kuna harusi, kuna Idi, kuna Krismasi, na yule mama hataacha kupika.

Na uzazi, umelishika neno upande wake mbaya. Ni usipotunzwa. Wanaoacha ngano sawasawa wanabeba mimba na kuzaa kama watu wengine, ninao wawili ninaowafahamu.

#28 Bwana Makange
Mimi bado nauguza habari ya soya sosi. Miaka tisa.

#29 Mkuranga Muhogo
Unga wa muhogo safi, makopa yamekaushwa juu ya chanja, mashine yetu haisagi kitu kingine. Chapati za muhogo zinawezekana ukiweka na yai. Wasiliana nami inboksi, napeleka mpaka Kibaha.

#30 Jicho la Nyuma
Naomba dakika moja kabla hamjamchangia nauli.

Uzi huu nimeusoma mara mbili. #1 mgonjwa ni ndugu yake. #17 mgonjwa ni yeye. #8 anaendelea vizuri, #17 miaka mitatu ya mateso. Haya, tuseme ni haya. Lakini anasema majibu kapewa mwezi wa tano. Nimeenda kwenye uzi wa Forodhani wa mwezi wa nane. Nani kaandika pale, nanukuu, "mkate wa ufuta wa moto na mishikaki, sijawahi kula kitu kitamu hivi"? Tawi la Mlimao. Mwezi wa nane! Na sasa ghafla kuna muuza unga kajitokeza.

Wakuu, hii ni chai. Mleta uzi hali ngano ila anatulisha ngano. Hapo zamani za kale paliondokea binti mmoja na mama mkwe wake muuza chapati…

#31 Shaba Nyekundu
Nilijua tu! Hadithi ilikuwa imenyooka mno. Mama mkwe muuza chapati, kweli? Kwa nini asiuze samaki?

#32 Mwana wa Rombo
Na mimi nilikuwa nimeshampigia shemeji yangu aulize mambo ya mtori. Nimejidhalilisha.

#33 Mkuranga Muhogo
Ndugu Jicho mimi simfahamu huyu dada. Nauza unga humu tangu mwaka juzi, tafuta. Kilo ni 2,500.

#34 Jicho la Nyuma
Ona, bei imeshatajwa.

#35 Mzee wa Basotu
Hata kama ni ngano, si imetukutanisha? Mimi sijaongea habari za Basotu na mtu miaka kumi.

#36 Muuguzi wa Zamu
Kwa vipimo alivyovitaja na mpangilio wa kutibiwa amiba kwanza, taifodi, vidonda, damu kushuka, sioni mtu wa kutunga. Wanaotunga huwa wanaanza na jina kubwa la ugonjwa. Lakini swali la mwezi wa nane ni la haki. Tawi, ulikula?

#37 Jicho la Nyuma
Kimya. Mnaona?

#38 Tawi la Mlimao (Alhamisi, saa 1:05 usiku)
Nilikuwa kazini, nina bosi.

Ndiyo, nilikula. Tulikwenda Zanzibar kwa siku mbili, yeye ndiye aliyenunua, alikuwa amekaa mbele yangu ananishikia ule mkate nisiungue. Nilikula, nikaandika vile kwenye ule uzi akiwa anachungulia simu. Usiku nilikaa chooni mpaka adhuhuri ya kesho yake nikamwambia ni pweza. Tangu mwezi wa tano nimekula mbele yake mara sita au saba, sijahesabu vizuri. Nikiwa peke yangu sili kabisa. Ndiyo maana nilisema ndugu yangu. Huyo anayekula vizuri, anayepika mwenyewe, anayeendelea vizuri kama nilivyowaambia, ni mimi nikiwa peke yangu. Mwingine simjui vizuri.

Jicho la Nyuma, nakushukuru na nakuchukia.

#39 Jicho la Nyuma
Basi mimi nimenyamaza. Ila muuza unga bado namtazama.

#40 Mama Wawili
Mwambie huyo kijana usiku huu huu. Si Jumamosi, si baada ya harusi. Mimi nilificha kitu kidogo tu kwa baba watoto, deni la kikoba, na nilipoolewa kile kitu kikawa mke mwenza, kinalala katikati yetu. Zaidi ya hapo sisemi.

#41 Kobe wa Temeke
Mama Wawili anasema kweli, lakini leo Alhamisi na binti hatasema, tunajuana. Kwa hiyo mimi natoa njia ya mtaani: mwambie mama mkwe una vidonda vya tumbo. Hakuna Mtanzania anayebishana na vidonda vya tumbo. Ukisema siliaki watauliza ni kabila gani. Ukisema vidonda, sahani inaondolewa mbele yako kwa huruma, na kila mtu mezani atakuwa na vyake vya kusimulia.

#42 Muuguzi wa Zamu
Kobe, huo ni uongo juu ya uongo.

#43 Kobe wa Temeke
Ni uongo wenye afya.

#44 Dada Pwani
Niruhusuni nirudi kwenye chakula, ndicho kilichotuleta. Usihame hoteli, advansi yako itapotea bure. Mimi nimepika kwenye mahoteli miaka kumi na moja. Kesho nenda mwenyewe, saa nne asubuhi, kabla moto haujakolea jikoni, muombe mpishi mkuu, usiongee na mhudumu. Mwambie, "Chifu, nina mgonjwa, ngano itamlaza hospitali, naomba sahani yake nipakuliwe kwanza kabla bufee haijafunguliwa." Wali wa nazi, samaki wa kupaka wa mkaani, maharage, mchicha, kachumbari. Hiyo ni bufee yoyote ya Dar. Muhimu ni kwanza, kwa sababu bufee ikishafunguliwa watu wanahamisha vijiko, kijiko cha tambi kinaingia kwenye maharage. Sahani ije ikiwa imefunikwa, mhudumu aiweke mbele yako kama amekuheshimu bibi harusi mtarajiwa. Hakuna atakayeuliza. Umpe mpishi na kitu kidogo cha soda.

Siku nyingine ukiwa na nafasi, pita Kisutu kwenye vyakula vya Kihindi ule dosa na idli, ni mchele na choroko nyeusi zilizochachushwa, uulize tu habari ya mvuje aliotaja Muuguzi. Kuku wa kuchoma pale Mamboz, uulize wamemkoleza na nini. Na mgahawa wa Addis in Dar kama unapenda vya Kihabeshi, ila waulize injera, ule mkate wao, ni tefu tupu, nafaka ya kwao, au imechanganywa, maana nje ya kwao wengi huchanganya.

Na tambi ni ngano, nimekubali.

#45 Tawi la Mlimao
Asante dada. Kesho saa nne nitakuwa pale.

#46 Shaba Nyekundu (Jumapili, saa 4:20 asubuhi)
Mleta uzi hajarudi? Yupo hai?

#47 Tawi la Mlimao (Jumapili, saa 5:30 asubuhi)
Nipo, samahanini wote.

Mpishi ni mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mjukuu wake ana sukari, anajua taabu ya kula kwa masharti. Sahani ililetwa imefunikwa, samaki mzima, shangazi mmoja akasema, "Hee, bibi harusi anatunzwa." Nilikula nikashiba. Sijawahi kushiba hotelini tangu mwezi wa tano.

Kisha mama akafungua hotpoti. Harufu ile, jamani. Alizifunga kwenye kitambaa alichodarizi mwenyewe. Akanitolea ya juu. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, ikatoka vidonda vya tumbo. Kobe, ilikuwa kama ulivyosema. Hotpoti ikafunikwa, akanishika mkono, akasema na yeye anavyo mwaka wa kumi huu, na shangazi wote wawili wanavyo, tukaongea vidonda mpaka soda zikaisha. Mchumba wangu hakusema neno. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari akauliza, "Tangu lini?" Nikamjibu tutaongea kesho.

Kesho ndiyo leo. Anakuja saa nane.

Ila kuna jambo, ndiyo maana nimeingia sasa hivi kabla hajafika. Mama amelala kwa binti yake Tabata, asubuhi hii kapita kwangu kunisalimia kabla ya basi la jioni. Amekuja na mfuko wa kilo tatu, unga aliouchanganya mwenyewe, ndiyo uliomponya vidonda vyake. Muuguzi, uji wa lishe wa kuchanganya nyumbani nao…?

#48 Muuguzi wa Zamu
Soma #9. Kisha muulize ameweka nini humo, moja moja.

#49 Mama Wawili
Yuko wapi sasa hivi huyo mama?

#50 Tawi la Mlimao
Jikoni kwangu. Ameshabandika maji.